Nguruwe Pori Hashindwi na Mkulima Mmoja



Mkulima wa mihogo hana haja ya kuambiwa kwamba nguruwe pori walipita shambani mwake usiku. Afikapo alfajiri, jembe begani, huyakuta matuta yamefumuliwa, mashina yameng'olewa, na mihogo iliyokuwa imebakiwa na miezi kadhaa ardhini imetafunwa nusu na nusu imeachwa ioze. Kazi ya msimu mzima huweza kupotea kwa saa chache. Jambo analohitaji kuambiwa mkulima huyo, na linalowapasa wote wanaomhudumia kulielewa, ni kwa nini jitihada zake za kila mwaka hazimfukuzi mnyama huyo, na ni nani mwingine anayepaswa kusimama pamoja naye.

Kiseke ni mahali panapofaa kuanzia mazungumzo ya namna hii. Kata hiyo imo katika Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka 2012 ilipogawanywa halmashauri ya jiji la Mwanza. Kama zilivyokuwa sehemu nyingi zilizouzunguka mji, Kiseke ilikuwa nchi ya mashamba kati ya vilima vya mawe. Leo barabara itokayo Sabasaba hupita hapo kwenda Buswelu, viwanja vimepimwa na nyumba zimesimama. Lakini mji hauhamii mahali kwa siku moja. Kati ya nyumba na nyumba hubaki shamba la mihogo au viazi vitamu, na kati ya shamba na shamba hubaki kiwanja kilichonunuliwa, kikawekewa mawe ya mipaka, kisha kikaachwa kiote vichaka. Katika mahali pa nusu mji na nusu shamba namna hiyo ndipo inapoonekana wazi kwamba suala la wanyama waharibifu si la mwenye jembe peke yake. Mwenye kiwanja kilichoachwa mara nyingi ni mtu wa mshahara.

Kwanza yafaa mnyama mwenyewe ajulikane, maana watu wengi humchanganya na ngiri. Ngiri hutembea mchana, hula majani akiwa amepiga magoti, na usiku hulala shimoni, mara nyingi katika shimo lililochimbwa na muhanga. Nguruwe pori ni mnyama wa usiku. Mchana hujificha katika vichaka vizito, katika matete ya mabondeni au katika magenge yenye miti. Hutembea kwa makundi, mengine ya wanyama wachache na mengine yanayozidi kumi, na mkubwa wao aweza kufikia kilo 100. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi minne hivi, na mara nyingi huzaa watoto watatu au wanne kwa mkupuo mmoja. Chakula chake ni mizizi, matunda yaliyoanguka, wadudu na hata mizoga. Pua yake ni jembe na ni kipimo pia: hunusa kilichomo chini ya udongo kabla ya kukichimba. Mnyama wa tabia hiyo akikutana na tuta laini lililolimwa na mwanadamu, ameandaliwa meza.

Tena si mnyama mjinga. Penye kishindo cha watu hungoja hadi watu walale. Akikuta uzio hutafuta mahali palipolegea chini, akapanyanyua kwa pua na kupita. Akifukuzwa katika shamba moja haendi mbali. Huingia la jirani. Hapo ndipo ulipo mzizi wa suala lote. Mkulima anayejilinda peke yake, kwa ngoma, kwa moto au kwa mbwa, mara nyingi hajapunguza hasara ya kijiji. Ameihamisha tu kutoka kwake na kuipeleka kwa mwenzake, na usiku wa pili mwenzake humrudishia.

Hasara yenyewe si ndogo kama inavyoonekana kwenye taarifa za ofisi. Katika nchi ya Wasukuma muhogo haukuwa zao la kuuza tu. Tangu enzi za utawala wa Waingereza wakulima walilazimishwa kwa amri kuupanda kuwa akiba ya njaa, kwa sababu huvumilia ukame na huweza kukaa ardhini mpaka siku ya shida. Shamba la muhogo ni ghala lililo chini ya ardhi. Mvua zinapokosa na mahindi yakakauka, kaya huenda kufungua ghala hilo. Nguruwe pori wakiwa wamekwisha kulifungua kabla yao, kaya hiyo huingia katika miezi mibaya ikiwa mikono mitupu.

Ipo na hasara nyingine, ambayo walimu huiona bila kuitambua. Shamba linalovamiwa usiku lazima liamiwe usiku. Baba hujenga dungu, na akichoka au akisafiri, anayepanda dunguni ni kijana wa darasa la sita au la saba. Huko hukaa na mwenge na debe la kupiga, akiumwa na mbu, na akirudi nyumbani hunawa uso na kwenda shule. Saa nne amelala juu ya daftari. Mwalimu asiyejua habari za matuta humwita mvivu. Mwalimu anayejua humwuliza kwanza: jana usiku ulilala wapi? Swali hilo dogo huweza kumwokoa mtoto asiache shule, na huweza pia kumpa mwalimu habari ambayo ofisi ya kata haijaipata.

Historia ya nchi hii inaonyesha kwamba nguruwe pori si jambo la pembeni. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala aliyoichapisha mwaka 1997, alieleza jinsi nguruwe walivyochangia njaa katika Uzaramo kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Utawala wa Wajerumani ulibana uwindaji wa wenyeji kwa sheria zake, na wakati huohuo wanaume wakaondolewa vijijini kwenda kufanya kazi za mkoloni. Kazi ya kulinda mashamba ikawaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na mizigo mingine. Nguruwe hawakubadilika tabia mwaka ule. Kilichobadilika ni mpango wa watu: mikono iliyokuwa ikisaka na kulinda pamoja iliondolewa, na pengo likajazwa na mnyama. Fundisho hilo halijachakaa. Kijiji kinachopoteza vijana wake kwa kazi za mjini, bila kupanga upya namna ya kulinda, hujikuta katika hali inayofanana na ile.

Hata baada ya Uhuru fundisho hilo lilijitokeza kwa sura nyingine. Kaulimbiu ya Siasa ni Kilimo ilitolewa Iringa mwaka 1972, na baada ya ukame wa 1973 na 1974 ikafuata ile ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Katika miaka hiyohiyo wananchi walihamishiwa vijijini kwa operesheni. Kuishi pamoja kulileta shule, zahanati na maji karibu na watu. Lakini Msukuma aliyezoea kuwa na nyumba yake katikati ya shamba lake alijikuta akilima mbali na mahali anapolala. Shamba lililokuwa likilindwa na moshi wa jikoni, mbweko wa mbwa na sauti za watoto likabaki kimya usiku. Ni haki kulisema jambo hilo wazi, kwa sababu mpango mzuri wa kupanda usiokuwa na mpango wa kulinda ni nusu ya mpango.

Wasukuma wenyewe hawakukosa maarifa katika jambo hili. Walikuwa na chama cha wasakaji wa nungunungu, bununguli, ambacho nyimbo na ngoma zake bado zinajulikana. Nungunungu naye ni mharibifu wa usiku, mpenda mizizi, na kumfuata shimoni ni kazi ya hatari isiyomfaa mtu mmoja. Kwa hiyo kazi hiyo iliwekewa chama, wakuu wake, dawa zake na adabu zake. Mkulima aliyeshambuliwa hakuachwa na shida yake; walikuwapo watu ambao kijiji kilijua kwamba hiyo ndiyo kazi yao. Vilevile, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi ambako Sungusungu walianzia, wizi wa mifugo ulipowachosha wananchi. Yowe likipigwa, kila mwenye nguvu alitoka. Watu walioweza kujipanga hivyo dhidi ya mwizi mwenye akili ya binadamu hawawezi kushindwa kujipanga dhidi ya nguruwe.

Kabla ya kutaja yanayofaa, ni lazima yatajwe yasiyofaa, kwa kuwa hasira ya mkulima humvuta kwenye njia za mkato. Ya kwanza ni sumu. Mhogo uliopakwa sumu ya wadudu na kuachwa shambani haumchagui mlaji. Humwua mbwa, humwua kuku, humwua tai anayekula mzoga, na huweza kumwua mtoto wa jirani aliyeona mhogo uliomenywa. Njia ya pili ni mitego ya waya na mashimo yaliyofichwa. Mbali na kuwa ni njia zilizokatazwa na sheria bila kibali, huvunja miguu ya ng'ombe na ya watu pia. Ya tatu ni kumwua kila mnyama anayekula nyama. Chui ni adui wa mbuzi, lakini ni adui wa nguruwe pori pia. Unguja kulifanyika kampeni ya kuwaangamiza chui baada ya Mapinduzi ya 1964, na chui wakatoweka mbele ya macho ya watu. Nguruwe pori walibaki, na mkulima wa huko amebaki na kazi ya kuwasaka kwa mbwa na kwa msako wa pamoja. Hakuna anayemtaka chui karibu na zizi lake. Hata hivyo ni vema ijulikane kwamba kazi aliyokuwa akiifanya chui bure, akiondoka, lazima ifanywe na mtu.

Njia ya nne inahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Wakulima wengi wamegundua kwamba wanyama hupendelea mihogo mitamu kuliko michungu, na kwa hiyo hupanda michungu kuwa ngao. Uchungu huo unatokana na sumu iliyomo katika mhogo wenyewe, nayo huondoka kwa kuuloweka, kuuchachusha na kuukausha vya kutosha. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, ng'ambo ileile ya Ziwa Viktoria, ukame ulipoifanya mihogo michungu kuwa karibu chakula pekee, na haraka ya njaa ikafupisha matayarisho yake, watu walipata ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona. Wengi wa wanaougua konzo ni watoto na wanawake. Kwa hiyo anayemshauri mkulima apande mhogo mchungu pembeni mwa shamba hana budi kumshauri na mama wa nyumba asifupishe siku za kuuloweka. Ushauri wa shambani usiofika jikoni ni wa hatari.

Basi lipi linafaa? La kwanza ni kumnyima mnyama maficho. Nguruwe pori hapendi kuvuka uwanja mweupe kwa mwendo mrefu. Ukanda uliofyekwa kuzunguka mashamba, ukifyekwa na wote kwa siku moja na kurudiwa kila magugu yanapoota, humwondolea mahali pa kusimama na kunusa. La pili ni kulima kwa kupakana. Mashamba kumi yaliyoshikana yana mpaka mfupi wa kulindwa kuliko mashamba kumi yaliyotawanyika vichakani, na dungu moja huyatazama yote. La tatu ni kulinda kwa zamu iliyoandikwa: watu wazima wawili wawili, wenye tochi na filimbi, ili kila kaya ilale siku nyingi na kukesha siku chache, na watoto wasihesabiwe katika zamu hiyo. Walinzi wakae chini ya chandarua mpaka yowe liwaite. La nne ni uzio. Mwanza haina upungufu wa mawe, na Wasukuma ni wazoefu wa kupanda mkonge na minyaa kuwa ua. Ukuta mfupi wa mawe uliozama kidogo ardhini, nyuma yake ukaota mkonge ulioshonana, humsumbua nguruwe kuliko waya uliolegea. La tano ni kuvuna kwa wakati na kupanda kwa pamoja, maana shamba linalobaki peke yake lenye mahindi mabichi, baada ya mengine yote kuvunwa, hupokea makundi yote ya nguruwe.

Mambo yote matano yana sharti moja: hakuna hata moja linalofaa likifanywa na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na hapa ndipo mtumishi wa umma anapoingia, si kama mtoa nasaha tu, bali kama jirani. Wakulima wa mahali kama Kiseke waweza kufyeka mipaka yao yote, wakapanga zamu na wakajenga ukuta. Lakini katikati yao pakiwa na kiwanja cha mtu anayeishi upande mwingine wa mji au mkoa mwingine, kimeota kichaka kirefu kuliko mtu, kazi yao imetobolewa. Mwenye kiwanja hicho hapati hasara yoyote. Thamani ya ardhi yake yazidi kupanda wakati mihogo ya jirani yake inang'olewa. Huenda mtu huyo ni mwalimu mwema, karani mwaminifu, au ofisa anayehimiza kilimo katika mikutano. Kufyeka kiwanja mara mbili kwa mwaka, au kumruhusu jirani alime karanga humo mpaka siku ya kujenga, ni gharama ndogo mno kwake. Kwa jirani, jambo hilo huamua kama kutakuwa na chakula mwezi wa pili.

Wajibu wa pili wa mtumishi ni kalamu. Mali bila daftari huisha bila habari, na mazao yaliyoliwa bila kuandikwa huhesabiwa kuwa hayakuliwa. Mara nyingi taarifa husema tu kwamba wanyama waharibifu wameshambulia mashamba. Taarifa ya namna hiyo haimsaidii mtu. Kiboko hutoka ziwani usiku na kuacha njia iliyokanyagwa yenye nyayo pana. Tumbili na ngedere huvuna mchana. Nungunungu hutafuna shina na kuacha alama za meno na miiba yake. Nguruwe pori hufumua udongo na kuacha nyayo za kwato mbili. Kila mmoja ana dawa yake. Mtendaji wa Kata, Bwana Shamba na mwenyekiti wa mtaa wakiandika ni mnyama gani, usiku wa tarehe gani, katika zao gani na katika eneo la ukubwa gani, ofisa wanyamapori wa wilaya atakuwa na jambo la kufanyia kazi.

Sheria nayo yafaa ielezwe kwa wananchi kama ilivyo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, inamtambua mnyamapori kuwa mali ya umma. Mtu anaweza kulinda maisha na mali yake, lakini mnyama akiuawa katika ulinzi huo lazima taarifa itolewe, na nyama yake si halali ya aliyeua kuigawa apendavyo. Kifuta jasho kilichowekwa kwa kanuni za 2011 kilikusudiwa kwa madhara ya wanyama wakubwa wa hatari, kama tembo, kiboko, mamba na simba. Mkulima aliyeharibiwa na nguruwe pori asiachwe akae mwaka mzima akingoja malipo yasiyomhusu. Kumwambia ukweli mapema ni kumheshimu.

Kuna sababu nyingine ya kutoichezea nyama hiyo. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua. Ugonjwa huo, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haumdhuru binadamu, lakini huua nguruwe wa kufugwa karibu wote na hauna tiba. Kaya nyingi za pembezoni mwa miji husomesha watoto kwa mabanda machache ya nguruwe. Mabaki ya mnyama aliyeuawa porini yakitupwa karibu na banda, au nguruwe wa kufugwa wakiachwa wazurure kwenye vichaka, hasara ya shamba itaongezewa hasara ya zizi.

Kwa walimu, mwisho, kuna shamba la shule. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi zimelima, na shamba la shule huvamiwa kama jingine lolote. Shamba hilo laweza kuwa mahali pa kujifunzia: wanafunzi wapime ukanda wa kufyeka, wajifunze kutambua nyayo, waandike daftari la uharibifu wiki kwa wiki, wakokotoe hasara kwa magunia na kwa shilingi. Mtoto aliyejifunza hayo mchana shuleni atawasomea wazazi wake daftari hilo jioni. Kazi hiyo inamfaa kuliko kukesha dunguni.

Ndugu walimu na watumishi, msimu wa mvua hauko mbali kamwe katika nchi ya Ziwa. Kabla haujaingia, kila mwenye kiwanja na akakitazame. Kikiwa na kichaka kilichopakana na matuta ya mtu, panga lianze hapo, na baada ya hapo ndipo mkulima aitwe mkutanoni kuhimizwa.